Hajui kupiga, lakini ana namba: hesabu ya glavu na gongo katika besiboli

Kabla ya msimu wa 1982 kuanza, klabu ya St. Louis Cardinals ilifanya biashara ambayo mtu akiisoma kwenye karatasi ya takwimu angedhani karani amekosea majina. Walimtoa Garry Templeton, kijana aliyekuwa na mapigo safi 211 katika msimu mmoja wa 1979. Wakampokea Ozzie Smith kutoka San Diego Padres, mtu ambaye msimu uliotangulia alipiga kwa wastani wa .222, yaani pigo safi mbili na ushei katika kila zamu kumi. Wote wawili walicheza nafasi ileile. Oktoba ya mwaka huohuo Cardinals walikuwa mabingwa, wamewafunga Milwaukee Brewers kwenye mechi ya saba ya World Series, fainali ya ligi kuu ya Marekani, na Smith alikuwa amecheza msimu mzima akipiga .248.

Tusiwe wanafiki: Templeton alikuwa pia amekosana na mashabiki wa nyumbani, na kocha Whitey Herzog alikuwa amemchoka. Lakini Herzog hakutafuta tu mtu wa kuziba pengo. Alimtaka yule hasa asiyejua kupiga, akampa namba ya kudumu, na hakumwondoa.

Sisi tuliolelewa na soka hatuoni mara moja tatizo liko wapi. Hakuna anayemuuliza kipa amefunga mabao mangapi. Beki wa kati akimaliza msimu bila bao, tunasema kafanya kazi yake. Besiboli haina huruma hiyo. Wachezaji wako tisa uwanjani wakilinda, na ikifika zamu ya timu yao kushambulia, walewale tisa wanashika gongo mmoja baada ya mwingine (gongo la mbao, si lile la kwenye chupa). Piga picha ligi ambamo kipa na mabeki wanalazimika kupiga penalti kwa zamu mechi nzima, na huruhusiwi kumruka mtu. Hapo ndipo kocha anapoanza kumtazama beki wake kwa jicho lingine.

Kwa wasioujua mchezo, na nawaomba radhi majirani zetu wa Uganda ambao vijana wao wa Lugazi walishafika hadi mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport mwaka 2012: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anajaribu kuupiga, kisha anakimbia kuelekea kituo cha kwanza. Akizunguka vituo vyote na kurudi alikoanzia, timu yake imepata alama moja. Mpira ukidakwa hewani, au ukifika kituoni kabla yake, ametolewa. Wakitolewa watatu, zamu inahamia upande wa pili. Ngwe, yaani zamu moja ya kila timu, ni tisa, kwa hiyo kila timu ina watu 27 wa kutolewa kabla mechi haijaisha. Hiyo 27 ndiyo mtaji wote wa timu. Mpigaji dhaifu ni mtu anayekula mtaji huo upesi kuliko wenzake.

Udhaifu huo umekuwa ukipimwa kwa namba moja kwa zaidi ya karne: mapigo safi yaliyomfikisha mtu kituoni, gawanya kwa zamu zake za kupiga. Anayepata .300 ni hodari. Anayeshuka chini ya .200 amevuka kile Wamarekani wanachokiita Mstari wa Mendoza, kwa jina la Mario Mendoza, shotistopu (mlinzi wa kati ya kituo cha pili na cha tatu) kutoka Chihuahua, Mexico. Mwaka 1979 Mendoza aliichezea Seattle Mariners mechi 148 akapiga .198. Wenzake wakaanza kumtania hivyo, utani ukafika kwa watangazaji wa televisheni, na jina likaganda. Nyumbani kwao Mexico walimwita Mikono ya Hariri na wakamwingiza kwenye jumba lao la magwiji wa besiboli. Wastani wake wa maisha yote ya ligi kuu ni .215, yaani yeye mwenyewe yuko juu ya mstari wake. Watu wamemwonea.

Na mstari wenyewe unadanganya. Mwaka 2023 Kyle Schwarber wa Philadelphia Phillies alipiga .197, chini ya Mendoza, huku kocha wake akimweka namba moja kwenye orodha ya wapigaji. Wazimu? Schwarber alipiga homurani 47, yaani mipira iliyovuka uzio na kumruhusu azunguke vituo vyote. Tena mara 126 warushaji walishindwa kumlenga sawasawa, akapewa kituo cha kwanza bure, na zamu ya namna hiyo haiingii kabisa kwenye hesabu ya wastani. Ukizijumlisha zote, alifika kituoni katika zaidi ya theluthi moja ya zamu zake. Huyo si mpigaji dhaifu. Ni mpigaji hatari aliyevaa namba mbaya. Kwa hiyo kabla ya kubishana kama mtu anastahili namba, tukubaliane kwanza tunamzungumzia nani: yule asiyefika kituoni kwa njia yoyote, na hata akifika, hakuwa na nguvu ya kuupeleka mpira mbali.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana ubishi wote umelala humo.

Chukua wapigaji wawili, mmoja wa .260 na mwingine wa .200, kila mmoja akiwa na zamu 500 kwa msimu. Wa kwanza anapata mapigo safi 130, wa pili 100. Tofauti ni 30. Msimu wa ligi kuu una mechi 162 zinazochezwa kwa takriban wiki 26, kwa hiyo kinachomtenga mchezaji wa kawaida na yule anayezomewa ni kama pigo moja kwa wiki. Shabiki anayekwenda uwanjani Jumamosi moja hawezi kuiona tofauti hiyo kwa macho. Anaisoma ubaoni.

Pigo moja safi badala ya kutolewa lina thamani ya takriban robo tatu ya alama, ukipima kwa maelfu ya mechi. Mara 30, tunapata alama 22 hivi. Na wakokotoaji wa mchezo huu wanakubaliana kwamba kila alama kumi ni sawa na ushindi mmoja kwenye msimamo. Mpigaji wetu wa .200 ameigharimu timu yake mechi mbili na kidogo.

Hapa sasa ndipo glavu inapoingia. Mpira unaopigwa na adui ukielekea kwenye uwazi, ukadakwa na shotistopu mwepesi, umegeuka kutoka pigo safi kuwa mtu aliyetolewa. Thamani yake ni ileile robo tatu ya alama, ila upande wa pili wa daftari. Kumnyima mpinzani pigo na kupata pigo lako ni shilingi ileile. Kwa hiyo swali la kocha si "huyu anajua kupiga?" bali ni "je, huyu ananidakia mipira 30 ambayo yule wa benchi asingeifikia?" Akidaka 30, wametoshana. Akidaka 40, mpigie makofi na umwache apige .200 yake kwa amani.

Je, kuna mipira ya kutosha? Inategemea umesimama wapi. Shotistopu husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na kwa kuwa watu wengi hupiga kwa mkono wa kulia, mpira wa chini hupenda sana kupita upande ule. Mwaka 1980, akiwa bado San Diego, Smith aliokota na kurusha mipira iliyomtoa mtu mara 621. Ni rekodi ya shotistopu ambayo haijavunjwa. Msimu huohuo alipiga .230.

Kuna mpira mmoja ambao wazee wa San Diego bado wanausimulia, wa Aprili 1978, msimu wake wa kwanza kabisa. Jeff Burroughs wa Atlanta Braves aliupiga katikati, chini chini, ukipita nyuma ya kituo cha pili. Smith alijirusha kushoto, mwili wote hewani, glavu mbele. Mpira ukagonga ardhi ukaruka vibaya, ukamgeukia nyuma ya kichwa. Glavu ilikuwa imeshapita. Akiwa bado hewani alirudisha mkono wa kulia, mtupu, akaunyaka, akaanguka, akainuka kama mtu aliyerushwa na springi, akamtoa Burroughs kituo cha kwanza. Pigo moja halikuandikwa. Kwenye takwimu za upigaji za Smith mchezo ule haupo popote.

Huyu ndiye aliyemaliza kazi yake mwaka 1996 akiwa na homurani 28 tu katika misimu 19, na tuzo 13 mfululizo za Gold Glove, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake. Mwaka 2002 akapigiwa kura ya kuingia jumba la magwiji la Cooperstown mara ya kwanza tu jina lake lilipofikishwa. Ila wanaomtumia kama ushahidi kwamba gongo halina maana husahau nusu ya habari. Herzog aliweka naye dau: ukipiga mpira wa chini nakulipa, ukiurusha hewani unanilipa. Smith alikuwa na mbio, hakuwa na nguvu, kwa hiyo mpira wa chini ulikuwa riziki yake. Alimaliza msimu akimdai kocha wake. Kufikia 1987 alikuwa anapiga .303 bila homurani hata moja, akawa wa pili kwenye kura za mchezaji bora wa ligi yake. Hakubaki dhaifu.

Mfano wa yule aliyebaki dhaifu na bado akastahili ni Mark Belanger wa Baltimore Orioles. Wastani wa maisha .228, homurani 20 katika misimu 18, Gold Glove nane. Kocha wake, Earl Weaver, alikuwa mtu wa kupenda homurani kuliko chakula, lakini Belanger alimpanga mwaka nenda mwaka rudi. Siri ni kwamba Weaver alikuwa na Frank Robinson na Boog Powell kwenye orodha hiyohiyo. Mpigaji dhaifu mmoja anabebeka. Wakifika watatu wamekaa pamoja mwishoni mwa orodha, kila baada ya ngwe mbili tatu unampa mrushaji wa adui nafasi ya kupumua. Hilo jedwali la mtu mmoja mmoja halikuonyeshi.

Upande wa pili wa uwanja hadithi ni nyingine kabisa. Anayelinda kituo cha kwanza kazi yake kubwa ni kupokea mipira anayorushiwa na wenzake. Ni kazi ya kweli, lakini wanaoiweza ni wengi, na tofauti kati ya bora na wa kawaida ni ndogo. Kwa hiyo nafasi ile hupewa mtu wa gongo. Chris Davis alikuwa mtu wa gongo haswa: homurani 53 mwaka 2013. Orioles wakampa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 161 mwaka 2016. Mwaka 2018 akapiga .168, wastani mbovu kuliko wote katika historia kwa mchezaji mwenye zamu za kutosha kuhesabiwa, na bado alicheza mechi 128. Kisha akapitia zamu 54 mfululizo bila pigo safi, kuanzia Septemba 2018 hadi Aprili 2019. Hakuna glavu ya kituo cha kwanza inayoweza kulipa deni hilo. Aliendelea kupangwa kwa sababu ambayo kila aliyewahi kununua gari bovu anaijua: pesa ilishatoka, na kumweka benchi ni kukiri mbele ya watu kwamba imeliwa. Orioles walipoteza mechi 115 mwaka 2018, na kusema kweli Davis peke yake hatoshi kubeba lawama hiyo.

Lakini hata pale penye glavu hodari kuna kikomo, na kesi niipendayo ni ya Detroit Tigers mwaka 1968. Shotistopu wa Tigers alikuwa Ray Oyler. Alipiga .135. Ni kweli ule ulikuwa mwaka wa warushaji, American League nzima (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) ilipiga .230 tu, na msimu uliofuata wakubwa wakashusha kichuguu anachosimama mrushaji ili wapigaji wapate ahueni. Hata hivyo .135 ni .135. Tigers walifika World Series dhidi ya St. Louis Cardinals wa Bob Gibson wakiwa na tatizo la kupendeza: walinzi wanne wazuri wa nje, yaani wa nyuma ya vituo, na nafasi tatu, na mmoja wa wanne hao alikuwa Al Kaline, mkongwe ambaye hakuwahi kucheza fainali. Kocha Mayo Smith akafanya jambo ambalo waandishi walilicheka. Alimchukua Mickey Stanley, mlinzi wa katikati nje, akamsimamisha shotistopu, nafasi aliyokuwa ameijaribu kwa mechi chache tu mwishoni mwa msimu. Oyler akakaa.

Stanley alikosea mara mbili katika mechi saba, na hakuna kosa lililowagharimu. Kaline alipiga .379, pamoja na pigo la mechi ya tano lililoleta alama mbili wakati Tigers wakiwa ukingoni mwa kutolewa. Tigers wakawa mabingwa.

Ninachokipenda ni kile kilichofanyika timu ilipokuwa inaongoza. Ngwe za mwisho Stanley alirudi nje kwenye nafasi yake na Oyler akaingia shotistopu. Besiboli ina sheria kama ya soka: akitoka hatarudi. Ukimwanzisha mtu wa glavu na kumtoa ngwe ya saba ili mwingine ampigie, umempoteza wakati unamhitaji kuliko wakati wowote. Ukimwanzisha mtu wa gongo, wa glavu bado unaye mfukoni. Kwa hiyo "anastahili namba" na "anastahili kuwa uwanjani ngwe ya tisa tukiongoza kwa alama moja" ni maswali mawili, na Oyler alikuwa na jibu la ndiyo kwa moja tu.

Mpangilio wa kupiga nao husaidia kidogo. Kila unaposhuka nafasi moja kwenye orodha, unapoteza takriban zamu 18 kwa msimu, hivyo wa tisa hupiga mara 140 hivi pungufu ya wa kwanza. Zamani nafasi ile ya tisa ilikuwa ya mrushaji, mpigaji dhaifu kuliko wote ambaye hakuna aliyethubutu kumwambia hastahili. American League iliona aibu hiyo mapema: mwaka 1973 ikaruhusu mpigaji maalumu ashike gongo badala yake. National League ilijivuta hadi 2022. Tangu hapo kisingizio cha "walau anampita mrushaji" kimekufa, na mwenye gongo baya zaidi kikosini anaonekana wazi.

Siku hizi huyo huwa ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Utamaduni ni wa kale: Bill Bergen wa Brooklyn alipiga .139 mwaka 1909 na .170 kwa maisha yake yote, akavumiliwa kwa sababu enzi hizo watu waliiba vituo kama kuku (walikimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa) na mkono wake uliwazuia. Martín Maldonado alipiga .186 mwaka 2022 huku Houston Astros wakishinda mechi 106 na ubingwa, na warushaji wao, Justin Verlander wa miaka 39 akiwamo, wakimtaka yeye. Jeff Mathis alidumu misimu 17 kwa wastani wa .194.

Walikuwa wanauza nini? Mpira unapopita ukingoni mwa eneo halali, mwamuzi aliye nyuma hana uhakika. Mdakaji mjanja anaupokea huku kiganja kikirudi ndani kwa upole, inchi moja mbili, na mwamuzi anaita straiki (mpira halali ambao mpigaji hakuupiga; zikifika tatu ametolewa). Straiki moja ya namna hiyo ina thamani ya kama thumni, moja ya nane, ya alama. Ni kidogo, lakini mdakaji anapokea mipira zaidi ya mia moja kila mechi. Akipata mbili tu ambazo mwenzake asingezipata, kwa mechi 100 ana thumni 200, nazo ni alama 25. Tumeshaona alama 22 ndizo zinazomtenga mpigaji wa .200 na wa .260. Amelipa deni na chenji imebaki.

Kwa maoni yangu, shotistopu dhaifu wa gongo ana kesi ngumu zaidi leo kuliko enzi za Smith. Mwaka 1980 kila timu ilipoteza wapigaji chini ya watano kwa mechi kwa straiki tatu. Leo ni zaidi ya wanane. Mpira ambao haukupigwa hauna wa kuudaka, na glavu haina soko pasipo mipira. Ile 621 itakaa sana. Kweli, tangu 2023 ligi imepiga marufuku kuwarundika walinzi upande mmoja wa kituo cha pili, kwa hiyo mwenye miguu myepesi amerudishiwa sehemu ya kazi yake, lakini si yote.

Na sasa zamu ya wadakaji imefika. Kuanzia msimu wa 2026, mpigaji, mrushaji au mdakaji anaweza kugusa kichwa chake na kupinga uamuzi wa straiki, kamera zikaamua papo hapo. Kila timu inaanza mechi na nafasi mbili, na ikipinga kwa haki, nafasi haipotei. Mipira mingi bado itaachiwa jicho la mwamuzi. Ile ya ngwe ya nane, vituo vimejaa, haitaachiwa. Mdakaji wa .186 aliyekuwa akiishi kwa thumni mbili kila usiku atakuwa ameirudisha glavu ndani kwa upole uleule, mwamuzi ameita straiki, na mpigaji mbele yake anainua mkono kuelekea kofia.